Ukoko wa Mwanakombo

Niazimeni masikio, wenzangu. Palikuwa na zimwi mwenye mfuko unaomeza chochote. Kila jioni alisikia vicheko nyumbani kwa mjane Mwanakombo na wanawe, roho ikamuuma. Akaapa kuiiba furaha yao.

Masika, mfuko ukameza mbuzi wao. Wakalia, lakini jioni wakacheka. "Ah! Furaha wameificha wapi?" zimwi akajiuliza.

Kipupwe, ukameza mablanketi. Wakalala wamekumbatiana, wanatetemeka, wanacheka. "Wameificha wapi?"

Kiangazi, ukameza mahindi yote. Wakasonga ugali wa muhogo, wakacheka. Zimwi akakuna kichwa mpaka pembe zikamwasha.

Akachungulia dirishani, akawaona wakigombea ukoko uliogandia sufuriani. "Kumbe imo humu!" Akaruka ndani, akaupokonya, akautafuna wote. Mbona ni ukoko tu?

Watoto wakapiga makofi. "Mla ukoko ndiye mwosha sufuria!"

"Nani, mimi?"

"Wewe, mjomba," alisema Mwanakombo, akimpa jivu. "Sugua."

Akasugua. Masizi yakampaka hadi puani, watoto wakaangua kicheko, naye akajikuta anacheka, hajui anacheka nini.

Kesho yake jioni hodi ikabishwa. Zimwi huyo, kamshika yule mbuzi wa watu kwa kamba.

"Dada," akauliza kwa aibu, "leo ukoko upo?"