Damu ya Wajomba

Paukwa!
Pakawa!
Ninyi wa nyuma mmekula nini leo, sauti haitoki? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Zamani, zamani ile ya kale, palikuwa na kijiji chenye wanaume hodari wa kusema. Kulima hawakujua sana, lakini kusema! Aliyewapita wote ni Makame. Mgeni akifika, kabla hajapewa maji, Makame alimtajia nasaba: Makame bin Vuai, bin Haji, bin Kombo, bin Mcha, mpaka babu wa saba, bila kumeza mate.

Mkewe mdogo aliitwa Mwanahija. Mtoto wao wa kwanza alipelekwa jando. Ngariba akamkata, damu ikatoka. Chu, chu, chu. Wenziwe damu ilikatika, yake haikukatika. Wakaweka majivu, ikatoka. Wakaweka majani, ikatoka. Mtoto akafa.

"Umevunja mwiko," Makame akamwambia mkewe. "Mwanangu yuko jandoni, wewe unachana nywele!"

Kijiji kikaitikia: alichana, alichana. Mwanahija hakuwa amezigusa nywele zake. Lakini nani alimwuliza?

Miaka ikapita. Mtoto wa pili, Shaame, naye akafikia umri wa jando. Mwanahija akaenda kwa Bi Msapenda, kikongwe mwenye ulimi wa upupu. Waliompenda walikuwa wachache, ila wote walimkimbilia wakipatwa. Alimkuta anachambua kunde.

"Bibi, wanampeleka mwanangu jando."

"Watoto wa kiume hupelekwa jando. Umetoka kwako kuja kunieleza hilo?"

"Kaka yake alivuja damu akafa."

"Na nani mwingine kwenu alivuja?"

"Kwetu wapi, Bibi?"

"Kwa mama yako! Au wewe uliokotwa?"

Mwanahija akafikiri, akamtajia mmoja mmoja. Kaka yake aliyeitwa Faki, kabla hajafikia jando, alikatwa na jembe mguuni, akavuja mpaka akafa. Mama yake alikuwa na kaka aliyefia jandoni. Mtoto wa kiume wa mama yake mdogo kila akianguka goti lilijaa damu, sasa ni kiwete. Haya yote aliyajua. Hakuwahi kuyaweka pamoja.

Bi Msapenda akayapanga chini. Kunde ni mwanamke, punje ya hindi ni mwanamume, mama juu, wanawe chini yake. Kila mwanamume aliyevuja, punje yake akaipaka masizi.

"Nyeusi ni zipi?"

"Mahindi tu, Bibi."

"Na juu ya kila nyeusi kuna nini?"

Mwanahija akafuata kwa kidole. Kunde. Kunde. Kunde. Kunde. Bibi yake, mama yake, mama mdogo, yeye mwenyewe. Akaanza kulia. "Basi nimemuua mimi."

"Acha upuuzi. Damu hii uliirithi, hukuitengeneza. Mwanamke huibeba asijue. Mwanawe wa kiume mmoja huipata, mwingine huikosa. Kaka yako mkubwa si alitahiriwa akapona?"

"Alipona."

"Basi Shaame huenda kaipata, huenda kaikosa. Utabahatisha kwa kisu?"

Siku ya jando Bi Msapenda akawafuata wanaume barazani, Mwanahija nyuma yake.

"Makame, nitajie ukoo wa mwanao."

Makame akakohoa, akaanza. Bin huyu, bin yule. Wanaume wakatikisa vichwa kwa utamu.

"Vizuri. Sasa wajomba zake."

Makame akakohoa tena.

"Mjomba mmoja tu."

Makame akarekebisha kofia.

"Kumbe Shaame kazaliwa na babu zako saba! Walipokezana vipi mimba?"

"Ukoo wangu hauna maradhi!" Makame akafoka.

"Hauna. Ndiyo maana ukiutaja mpaka jioni hutayaona. Yule mwanao wa mke mkubwa mpelekeni, hana neno. Huyu mwacheni, nimeipanga damu ya wajomba zake kwa kunde."

"Habari za kunde ni za jikoni!"

Makame akamshika Shaame mkono, amvute. Mwanahija akashika mkono wa pili. Vuta nikuvute! Mtoto akajigonga mdomo kwenye kiwiko cha baba, jino la utoto lililokuwa linalegea likaanguka. Ta!

Jino la utoto! Nani hajang'oka jino? Wakangoja damu ikatike. Chu, chu, chu. Jua likapanda, ikatoka. Jua likashuka, ikatoka. Ngariba akaitazama ile damu, akakitazama kisu chake, akakirudisha alani. Wanaume wale wa maneno wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja.

Mwanahija akabana kitambaa kwenye fizi ya mwanawe, akabana mpaka kesho yake, damu ikakoma.

Shaame hakutahiriwa. Waliomcheka walikuwapo, maana wapumbavu hawakosekani, lakini alichekwa akiwa hai. Akaoa, akazaa. Wanawe wa kiume wakaenda jando wakarudi wazima, kama Bi Msapenda alivyokuwa amesema kabla ya kufa, maana mwanamume haimpi mwanawe wa kiume. Kuhusu mabinti zake, kikongwe alikuwa ameuachia ukoo wosia: "Binti za Shaame wote watabeba. Wakizaa wa kiume, tazameni kwanza, kisu baadaye."

Na Makame? Makame alizeeka akiwasimulia wageni jinsi yeye, kwa akili zake, alivyomnusuru mwanawe. Mwanahija huko jikoni akisikia, anacheka kwa pua.

Basi, wasikilizaji, mtoto ana pande mbili. Anayehesabu upande mmoja ni kama mtu aliyefunga mlango wa mbele, wa uani akauacha wazi, mwizi akaingia, naye akamgombeza mkewe. Kama yumo humu ndani, asinitazame mimi. Aende akaulize majina ya wajomba wa wanawe.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye yake na aanze.