Kisu Alichokishika Chande

Mto ulikuwa umeshafika mashambani, na begi la dharura la Siwatu lilikosa kitu kimoja tu, kisu imara cha kukatia kamba. Akamfunga mwanawe mgongoni, mbio hadi dukani kwa Bwana Chande.

"Visu vyote humu bei moja, mama, na uimara mmoja!" Chande akamsukumia vya kukunja, vinavyong'aa.

"Hakuna kinachokizidi kingine?"

"Wallahi hakuna!"

"Haya, nipe... Jamani, nyoka! Miguuni kwako!"

Chande akaruka, akavitupa vile vyote, akachomoa chini ya kaunta kisu kinene kisichokunjika.

"Nipe hicho hicho," Siwatu akasema, akiweka pesa. "Bei si moja?"

"Na nyoka je?"

"Amekiona hicho, baba, akakimbia."