Mtaa Ulioshonewa Kivuli

Mtu mmoja alikuwa na duka la nguo katikati ya mtaa mrefu, katika mji wa bara ambako mvua ni mgeni na jua ni mwenyeji. Jina lake Mbaruku. Duka aliachiwa na baba yake, na baba yake aliachiwa na babu, na maishani alikuwa na hofu moja kubwa: lisije likafia mikononi mwake.

Mtaa ule ulianzia mashariki ukaishia magharibi, kwa hiyo jua liliutembea wote kutwa, kama mteja asiyenunua. Zamani kila mwenye duka alihangaika peke yake na jua lake, na wanunuzi walikuja alfajiri, wakachukua walichotaka, wakakimbia. Ndipo wenye maduka wakakaa, wakaunda chemba yao ya wafanyabiashara. Chemba ile haikuwa na ofisi wala mhuri. Ilikuwa na sindano. Kila mwaka masika yakishakatika, kila duka lilitoa kitambaa kimoja. Walivitandaza barabarani, wakavishona ukingo kwa ukingo, wakaviinua juu ya nguzo, mtaa mzima ukawa chini ya kivuli kimoja. Na desturi yao ilikuwa hii: hakuna aliyeshona ukingo wa kitambaa chake mwenyewe. Wako aliushona jirani, nawe ukamshonea jirani mwingine.

Aliyeingia mtaani mchana alikuwa kama aliyeingia usingizini. Mwanga ulipenya vitambaani, ukashuka na rangi zake. Mama mwenye kikapu alikuwa wa njano mlangoni pa muuza chumvi, akageuka kijani kwa fundi viatu, akafika kwa Mbaruku akiwa wa buluu, na mwenyewe asijue. Sauti zilishuka zenyewe. Watu walitembea polepole, na atembeaye polepole huona vitu, na aonaye hununua. Hata wasio na duka waliponea hapo: wachukuzi walipumzisha mabega, wagonjwa walipita na kivuli hadi zahanati, wajawazito walikaa kwenye vibaraza bila kuulizwa wananunua nini. Mji ulikuwa unaishi kwa kivuli kile, ingawa ni wachache waliolifikiria jambo hilo.

Kitambaa cha Mbaruku kilikuwa kizuri kupita vyote, kizito, buluu iliyokolea. Watu walikisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Upande wake wa mashariki alikuwa Bi Nyamizi, mjane, muuza maharage, ambaye kitambaa chake kilikuwa magunia yaliyoungwaungwa. Upande wa magharibi alikuwa Maganga, fundi wa sufuria, aliyetoa shuka la kitanda lililochakaa. Mbaruku alipoinua macho aliona buluu yake imebanwa katikati ya gunia na shuka, roho ikamuuma. Aliwaona watu wakisimama chini yake kupoa, kisha wakaenda kupimiwa maharage. Akajisemea moyoni kwamba anawapozea wenzake wateja, na duka la baba yake linakonda kwa ukarimu. Halikuwa likikonda. Lakini mtu akishaanza kutazama wateja wa jirani, wake hawaoni tena.

Siku moja, saa ile ambayo mtaa wote husinzia na hata nzi hutua, alipanda ngazi na kisu kidogo. Nyuzi za Bi Nyamizi zilikuwa ngumu, kwa kuwa mama yule alishona kama anayemshonea mwanawe. Mbaruku akazikata. Akazikata na za Maganga. Kisha akasimamisha nguzo mpya mbele ya mlango wake, ndefu kuliko zote mtaani, akakitundika kitambaa chake huko juu ili kionekane kutoka mbali.

Vile viwili vya jirani, vilivyokuwa vikishikwa na chake, vililegea. Wenyewe waliviburura nyuma wakavifunga kwenye nguzo zao, na mwanga ukasimama pande zote mbili za Mbaruku kama kuta. Chemba ilimwita wazungumze. Alijitia hamnazo. Hakuna aliyemtukana.

Mwanzoni walikuja wengi kukishangaa kitambaa kilichopaa. Lakini kitu kilichowekwa juu sana kivuli chake huangukia mbali. Asubuhi jua liliingia chini ya ile buluu, likaenda moja kwa moja hadi ndani ya duka. Alasiri likarudi kwa upande wa pili. Nguo zilizotundikwa mlangoni zikaanza kupauka. Nyekundu ikawa kama maji ya ubuyu, nyeusi ikawa kama majivu. Mteja alishika khanga, akaigeuza, akaona upande mmoja umekufa rangi, akaiachia taratibu kwa adabu. Adabu ile ilimchoma Mbaruku kuliko matusi. Tena wateja wenyewe walipungua, kwa sababu waliotoka mashariki walifika kwenye ule mwanga wakageuka, na waliotoka magharibi vilevile. Mtaa ukawa vipande viwili. Maganga alikaa na sufuria zake bila wa kumletea nyingine, na wagonjwa wa zahanati wakazunguka kwa njia ya vumbi. Nalo duka la babu likawa kimya, na ile hofu ya Mbaruku ikakaa naye mlangoni kama mgeni aliyekwisha zoea.

Alasiri moja alitoa kigoda nje, akaketi katika kivuli chake, maana alikuwa amekilipia kwa mengi. Kivuli kikasogea. Akasogeza kigoda. Usingizi ulikuwa ukimchukua na kumrudisha, na kila alipozinduka jua lilikuwa magotini, akasogea tena kidogo, macho yamefumba nusu, akifuata ubaridi kama ndama amfuatavyo mama yake. Alipofumbua macho sawasawa hakuwa mlangoni kwake. Alikuwa ameketi kwa Bi Nyamizi, mbele ya chungu za maharage, na mikono ya mama yule iliyokuwa ikichambua ilikuwa ya buluu.

Akaitazama mikono ile. Akaelewa, na moyo ukamshuka. Buluu yake ilikuwa ikija hapa alasiri zote, tangu zamani. Na asubuhi zake yeye, zile asubuhi za ubaridi alizofungulia duka miaka yote, zilitoka kwenye yale magunia. Jioni zake zilitoka kwenye shuka la Maganga. Kivuli chake mwenyewe kilimpitia adhuhuri tu, kitambo kidogo, kikaenda zake kwa wenzake. Kilichomtunzia nguo za baba yake hakikuwa chake.

Aliona haya hata machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Bi Nyamizi aliweka ungo chini, akapapasa kwenye upindo wa khanga yake, akatoa sindano.

“Kiteremshe, mwanangu,” akasema. “Uzi ninao.”

Akakiteremsha. Maganga aliposikia nguzo zikianguka alitoka na sindano yake, kisha muuza chumvi, kisha fundi viatu, na wakakaa wote barabarani kama ni siku ya baada ya masika. Mbaruku alitaka kushona ukingo wake kwa toba. Wakamkatalia, wakampa magunia. Basi akazileta zile khanga zilizokufa rangi, akatia viraka kila gunia lilipotoboka, na tangu siku ile asubuhi humwingia dukani ikiwa na rangi hafifu, kama rangi za ndotoni, na duka lingali hai.

Nanyi mnaonisikiliza, mwenye duka na asiye nalo: kivuli mlichokikalia asubuhi ya leo, kilitoka kwenye kitambaa cha nani?