Mpira wa Nyani na Siku ya Mkwewe

Paukwa!

Pakawa!

Aliye nyuma ananisikia?

Tunakusikia!

Basi sogeeni. Leo nina mpira. Nautupa, nanyi mdake.

Hapo zamani za kale, kando ya mto mpana, aliishi Nyani. Mikono yake ilikuwa na nguvu, na mdomo wake ulikuwa na nguvu zaidi.

Nyani alipotaka kumwoa binti wa Bi Ngedere, Bi Ngedere alimwambia, "Mbuzi wako sitaki. Simama ukingoni, miguu chini, utupe mpira wa majani ya mgomba. Ukivuka mto, umeoa."

Wanyama wote wakaenda ng'ambo kungoja, mbali hata ukingo wa huku hawauoni vizuri. Mara mpira ukaja, puu! Umevuka. Nyani akaoa, na kijiji kizima kikamwimbia:

"Mkono wa Nyani, mkono!
Mto mpana kwake mfereji!"

Lakini Chura akasema, "Mimi nilikuwa majini, nilimwona. Hakusimama ukingoni. Alipanda juu ya mkuyu, akajificha kwenye majani, akatupa kutoka huko."

"Mwongo!" Nyani akafoka. "Huna hata mikono, utajua nini habari ya kutupa?"

Wanyama wakacheka sana. Wakamfukuza Chura kwenye uwanja wa kijiji wa kuchezea mpira, asicheze tena. Nyani naye alicheka, lakini tangu siku hiyo, kila akiimbiwa wimbo ule, alitazama chini. Aibu ilimkaa rohoni, na hakuwa na wa kumwambia.

Sasa sikilizeni. Kiangazi kimoja Bi Ngedere alivuka kwa miguu hadi kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto, kuchuma zambarau. Huko juu milimani mvua ikanyesha. Maji yakaja kwa kishindo, yakang'oa miti, yakaung'oa na ule mkuyu. Bi Ngedere akabaki kisiwani, ameshika mzambarau, na maji yanapanda.

Kiboko akatazama maji, akarudi nyuma. "Haya hata mimi yananibeba," alisema.

Wanyama wakasokota kamba nene. Wakaiunganisha na kamba nyembamba, na ile nyembamba wakaifunga kwenye mpira. Mpira ukifika kisiwani, Bi Ngedere atavuta, atafunga kamba nene mtini, atavuka. Wote wakageuka. Wakamtazama nani?

Nyani!

Naam. Mkewe akamshika mkono. "Baba watoto, mama yangu anazama. Mpira uliovuka mto mzima utashindwa na nusu ya mto?"

Nyani akasimama ukingoni, miguu chini, kwa mara ya kwanza. Akatupa kwa nguvu zake zote, mbele moja kwa moja. Mpira ukaenda vuuu, ukashuka, chubwi! Umeanguka majini.

"Huo ulikuwa umelowa," Nyani alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Wakauvuta, wakampa mwingine.

Akatupa mara ya pili, juu, juu sana. Mpira ukapanda mpaka watoto wakashangilia. Ukarudi, ukamwangukia mgongoni. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka!

"Upepo," alisema Nyani. Na majani hayakuwa yakitikisika.

Kule kisiwani maji yalimfika Bi Ngedere magotini. Alikuwa anamtazama mkwewe. Nyani akatamani ardhi ipasuke, aingie.

Akaenda kwenye kidimbwi nyuma ya magugu, alikoishi Chura. Akachuchumaa. "Ndugu Chura," alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Nilikuita mwongo, na mwongo ni mimi. Nifundishe, mama wa watu asife."

Chura akatoka kidimbwini. Kisha akasema, "Sina mikono, lakini mimi mwenyewe ndiye mpira. Kila siku najitupa. Sikiliza. Chochote ukirushacho, ardhi inakivuta chini, hailali. Nilikuona toka magugu haya: ule mpira wa kwanza uliutupa chini chini, ukaanguka kabla haujafika. Juu ya mkuyu ulikuwa na nafasi ndefu ya kushuka, ndiyo maana ulifika. Wa pili ulikaa sana hewani, lakini haukwenda mbele. Mimi nikiruka, siruki mbele tu, wala siruki juu tu. Naruka katikati. Juu kiasi, mbele kiasi. Nitazame."

Chura akaruka. Akapanda, akapinda, akashuka mbali. Nyani akamtazama kama mtoto.

Akarudi mbio ukingoni. Akatupa mara ya tatu, juu kiasi, mbele kiasi. Mpira ukapanda, ukapinda, ukashuka mikononi mwa Bi Ngedere. Akavuta, akafunga, akavuka akining'inia, na nyuma yake mzambarau ukazama.

Kijiji kikalipuka:

"Mkono wa Nyani, mkono!
Mto mpana kwake mfereji!"

Wakaimba mara ya kwanza, Nyani akatazama chini. Wakaimba mara ya pili, akamwona Chura amekaa pembeni. Walipoanza mara ya tatu, Nyani akapaza sauti.

"Nyamazeni! Si mkono wangu. Ni akili ya Chura. Na siku ile ya mahari nilikuwa juu ya mkuyu. Chura alisema kweli, mimi nikamfukuzisha."

Mkewe, aliyekuwa amemshika mkono, akauachia. Nyani akafunika uso kwa viganja, akangoja mkwewe aseme, "Mrudishe mwanangu."

Bi Ngedere akajipangusa maji, polepole. Akasema, "Kumbe. Miaka yote hii binti yangu alikuwa hajaolewa." Akamtazama Nyani. "Leo umesimama ukingoni, miguu chini. Basi leo ndiyo umeoa."

Chura akarudishwa uwanjani, na hakuna mpira uliotupwa kabla yeye hajaketi. Nyani alisamehewa, lakini aibu haikumtoka. Ndiyo maana hadi leo, ukimtazama nyani machoni, hugeuza uso.

Nanyi watoto, mafunzo ni haya: msimdharau mtu kwa asichonacho, maana hujui anachokijua. Na sifa uliyoipata kwa uongo itakuja kukudai mbele ya wale unaowaheshimu. Iseme kweli mapema, aibu yake ni ndogo.

Mpira nimeutupa, umepanda, umepinda. Mmeudaka?

Tumeudaka!

Basi hadithi imetua.