Meno ya Kiatu cha Kushoto

Idrisa Mbwana alishika tupa kwa mkono wa kulia na kiatu cha mpira kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akisugua meno ya soli, jino moja baada ya jingine, akipuliza unga mweupe wa plastiki, kisha akikilinganisha kiatu hicho na mwenzake kilicholala juu ya benchi. Mtu asiyeijua kazi ya kutunza vifaa vya timu angedhani anakitengeneza. Kwa kweli alikuwa akikiharibu.

Ilikuwa Jumatatu alasiri, mwezi wa Machi mwaka 2010, katika stoo ya klabu ya Al Nasim jijini Doha. Stoo haikuwa na dirisha. Kiyoyozi kilinguruma juu ya mlango, na rafu zilibeba jozi ishirini na mbili za njumu, kila jozi mahali pake.

Idrisa alikuwa mzaliwa wa Muheza. Kazi hii hakufundishwa na mtu. Aliisoma kwa macho yake, pole pole, kwa miaka mitano. Alikuwa amegundua kwamba njumu husema yale ambayo mwenyewe hayasemi. Beki mzito hula meno ya kisigino. Winga mwenye mbio hula meno ya mbele. Mtu mwenye maumivu huuegemea mguu mzima, na ule mbovu huubeba kama mgeni. Daktari wa timu, Msudani aliyeitwa Mahjub, aliupenda sana ujuzi huo. Tangu Idrisa alipomwonyesha, alikuwa akipita stoo kila Jumanne asubuhi kuzikagua soli zote.

Na kesho yake ilikuwa Jumanne.

Njumu aliyokuwa akiisugua ilikuwa ya Lee Hartshorne, beki Mwingereza wa miaka thelathini na minne. Cha kulia kilikuwa kimelika kama kipande cha sabuni. Cha kushoto, kabla ya tupa kukigusa, kilikuwa na meno makali kama siku kilipotoka dukani. Maana yake ilikuwa moja tu: goti la kushoto la Lee lilikuwa halibebi mwili.

Lee hakuwa nyota. Katika miaka kumi na sita alikuwa amechezea timu kumi na moja, nyingi zikiwa za madaraja ya chini, katika miji ambayo mvua yake ilikuwa na majina mengi kuliko mashabiki wake. Alikuwa mchezaji wa mkoba: msimu huu hapa, msimu ujao kule. Hakuna timu iliyomlilia alipoondoka, wala iliyojuta kumchukua. Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia. Chini ya ulimi wa kiatu chake cha kushoto aliandika kwa kalamu idadi ya mechi alizocheza tangu alipoanza kulipwa kwa kazi hiyo, na baada ya kila mechi alikata namba ya zamani akaandika mpya. Siku hiyo namba ilikuwa 498. Msimu ulikuwa umebakiza mechi mbili, na mkataba wake ulikuwa unakwisha pamoja na msimu. Alitaka mia tano. Hakuwa akitaka kingine.

Wiki tatu kabla ya hapo, Idrisa alikuwa amemwita stoo na kumwekea vile viatu viwili mbele yake. Walikuwa wakizungumza Kiingereza cha kuokoteza, kila mmoja akimsaidia mwenzake.

"Nani mwingine ameona?" Lee aliuliza.

"Bado hakuna. Lakini daktari ana macho, Mista Lee. Mwambie."

"Nikimwambia ataniweka nje. Nikikaa nje sasa, nani atamsajili mzee wa miaka thelathini na minne?" Lee alifunga mlango kwa mgongo wake. Kisha akaitazama fulana ya Idrisa, upande wa chini. "Na wewe, bosi, ile bendeji unayojifunga nyuma ya rafu ni ya nini?"

Idrisa aliganda kama samaki wa kwenye friza. Tangu mwezi wa Ramadhani uliopita alikuwa na ngiri. Kila alipoinua sanduku la vifaa, uvimbe ulijitokeza kwenye kinena chake, ukubwa wa limau. Aliukandamiza kwa bendeji ya timu na kuendelea na kazi. Aliona aibu kuutaja, na zaidi ya aibu aliona hofu. Kibali chake cha kuishi Doha kilikuwa mikononi mwa klabu. Mtunza vifaa asiyeweza kuinua sanduku angekaa kwa kazi gani?

"Basi," Lee alisema na kumnyooshea mkono. "Mimi sijaona, na wewe hujaona."

Walipeana mikono. Tupa ilianza kazi wiki hiyohiyo.

"Hodi tena!" Sauti ya Kerubo ilimshtua, tupa ikamponyoka. Kerubo, Mkenya wa Kisii, ndiye aliyefua jezi za klabu. Aliingia na kapu la soksi na kulitua juu ya benchi. "We Mtanzania, mbona unashtuka? Umeiba?"

"Karibu, dada. Nilikuwa nawaza tu."

Idrisa aliinama kuiokota tupa, akauma meno, akainuka mkono ukiwa kinenani.

"Na hapo pana nini?"

"Mgongo, dada. Mgongo tu."

"Mgongo siku hizi umehamia mbele?" Kerubo alicheka, kisha akaacha. "Idrisa, unatembea kama bata amemeza jiwe. Enda umwone daktari. Yuko hapo tu, si mbali."

"Nitakwenda."

"Lini? Ijumaa, siku yetu ya ibada huku, nikiwa Mesaimeer kanisani nitakuombea, lakini mimi sitakubebea hiyo tumbo mpaka kwa daktari. Hapo utajibeba." Alichukua kapu tupu na kuondoka akigunaguna.

Jumanne asubuhi daktari alifika saa mbili kamili. Alikuwa mtu mrefu asiye na haraka. Alianza rafu ya juu, akigeuza kiatu kimoja kimoja na kupitisha kidole gumba juu ya soli. Idrisa alisimama kando, mikono nyuma, akihesabu. Jozi ya kumi. Jozi ya kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Lee.

Daktari aligeuza cha kulia. Akageuza cha kushoto. Akavishika vyote viwili chini ya taa, muda mrefu kuliko vingine vyote.

"Vimelika sawasawa, yaa Idrisa?"

"Sawasawa, daktari."

Gumba la daktari lilikuwa na unga mweupe. Aliutazama, akaupukuta kwa kidole cha shahada.

"Stoo yako ina vumbi siku hizi," daktari alisema, akavirudisha viatu na kuendelea na jozi ya kumi na tatu.

Jumamosi jioni, saa moja kabla ya mechi, mitambo ya maji ilifunguliwa uwanjani kama kawaida. Nyasi zilinyweshwa mpaka zikameta chini ya taa. Idrisa alisimama ukingoni, akayatazama maji, na kwa mara ya kwanza akawaza jambo ambalo mtunza vifaa alipaswa kuliwaza kabla ya kushika tupa. Meno yale yalikuwa hayang'ang'anii tena ardhi. Na hayangeweza kubadilishwa, kwa kuwa yaliungana na soli.

Alirudi chumba cha kubadilishia nguo akienda nusu mbio. Lee alikuwa amekaa pembeni, akilizungushia goti bendeji, mizunguko minne, mitano.

"Mista Lee, leo uvae jozi mpya. Nimekuletea. Nyasi zimelowa."

"Namba yangu iko kwenye hivi."

"Namba utaiandika tena. Nimeyasaga mno, nakuambia. Cha kushoto hakitashika."

Lee alimtazama, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekwisha kuagana na ushauri. "Bosi, nikivaa vipya, daktari atauliza kwa nini. Mechi mbili tu. Dakika mia na themanini."

Idrisa alifungua kinywa. Daktari Mahjub alikuwa hatua sita tu kutoka pale, amewapa mgongo, akimfunga kipa kidole. Neno moja lingetosha. Lakini mkono wa Lee ulikuwa umeshaigusa fulana ya Idrisa, upande wa chini, taratibu, kama mtu anayekumbusha ahadi. Idrisa akafunga kinywa.

Nusu saa ya kwanza ilipita salama. Lee alicheza kwa akili, akisimama mahali ambapo mpira ungekuja badala ya kuukimbilia. Kila alipogeuka, Idrisa alishika ukingo wa sanduku la vifaa. Dakika ya thelathini na moja wapinzani walipata kona. Mpira ulipigwa juu, Lee akaruka juu ya wote, akaupiga kichwa ukaenda mbali. Ulikuwa mpira mzuri wa kichwa. Kisha akatua kwa mguu wa kushoto.

Mguu uliteleza. Haukuteleza sana, labda upana wa kiganja. Mwili ulikwenda upande mmoja na goti likabaki upande mwingine. Waliokaa karibu walisikia mlio kama wa ukuni mkavu, kisha wakasikia sauti yake.

Idrisa alinyakua sanduku la vifaa na kukimbia. Alikuwa amepiga hatua tano tu maumivu yalipompasua kinena kama kisu cha moto. Sanduku lilianguka, naye akapiga magoti kwenye mstari wa uwanja, ameshika tumbo, jasho likimtoka. Hakuna aliyemwona. Uwanja mzima ulikuwa ukimtazama Mwingereza. Machela ilipopita mbele yake, Lee aligeuza kichwa, akamwona mwenzake amepiga magoti. Macho yao yakakutana. Lee alikuwa akilia, na hakuyaficha machozi yake.

Jumapili asubuhi Idrisa alikuwa stoo peke yake, akisafisha njumu za jana. Aliuweka mguu mmoja juu ya boksi ili kinena kisivutwe. Usiku kucha, katika chumba chao cha watu sita kule Al Mansoura, hakuwa amepata lepe la usingizi. Alikuwa amemaliza jozi tisa na kubakiza kumi na tatu, zote zimegandiwa na tope na nyasi. Njumu za Lee alikuwa ameziweka mwisho.

Mlango ulifunguliwa. Daktari Mahjub aliingia, akavuta kibao, akaketi. Alichukua kiatu cha kushoto cha Lee, akakwangua tope na kupitisha gumba juu ya soli.

"Haya hayakuliwa na nyasi," alisema.

Idrisa aliitumbukiza brashi ndooni.

"Wamempiga picha ya goti. Palikuwa na mpasuko wa zamani, mdogo tu. Ningeuona mwezi wa pili, ningempumzisha wiki sita, na nilikuwa tayari kumwombea mkataba mpya mimi mwenyewe. Kocha alikuwa anamtaka abaki. Alikuwa hajamwambia." Daktari alishusha pumzi. "Sasa kano mbili zimekatika. Atatembea, inshallah. Mpira, khalas."

Idrisa aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyeyasaga, daktari."

"Najua. Na mimi niliuona unga wa plastiki kwenye gumba langu, nikaamua kuuita vumbi. Sote watatu tulificha." Alimsogezea Idrisa kiatu. "Lee amenituma kwako kwa mambo mawili. La kwanza, uandike namba yake. Anasema mechi ni mechi, hata ya nusu saa."

Idrisa alitafuta kalamu. Aliinua ulimi wa kiatu, akaikata 498 kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika 499 kwa mwandiko wa pole pole. Chini yake palikuwa pamebaki nafasi ya namba moja tu. Aliitazama nafasi hiyo, kisha akaurudisha ulimi mahali pake.

"La pili, amesema nikufungue bendeji."

Kalamu ilianguka. "Tulikubaliana," Idrisa alinong'ona. "Tulipeana mikono."

"Ameniambia. Amesema makubaliano yenu yalikwisha jana, dakika ya thelathini na moja. Haya, simama nione."

"Daktari, wakijua watanirudisha Muheza."

"Huenda. Nitakusemea, lakini siwezi kukuahidi kitu ambacho si changu. Ninachojua ni kwamba ngiri ikijisokota, hata Muheza hutafika mzima."

Kiyoyozi kilinguruma. Idrisa alizitazama jozi kumi na tatu zilizobaki, akamtazama daktari, akainuka pole pole. Alipandisha fulana. Bendeji ilikuwa imelowa jasho, na ilipofunguka mzunguko wa mwisho, daktari aliugusa uvimbe, uso wake ukabadilika.

"Leo," alisema. "Si kesho, yaa akhi, ndugu yangu. Gari yangu iko nje."

Mlangoni walipishana na Kerubo na kapu lake. Aliiona bendeji mkononi mwa daktari, akaelewa, akampisha Idrisa njia.

"Na hivi viatu je?" aliuliza.

"Vingine kesho, dada."

"Kesho utakuwa kitandani, we bata."

"Basi vitanisubiri." Idrisa aligeuka mara moja tu, akaitazama brashi iliyobaki ndani ya ndoo, na jozi ya Mwingereza mwisho wa benchi, bado ina tope. Kisha akatembea kwenda garini, mkono kinenani mbele ya watu wote, bila kuuficha. Kwa kuwa alikuwa ameona kwa macho yake mawili, juu ya nyasi zilizolowa, kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.