Hodi ya Kiwanja cha Bi Zuhra

Inasimuliwa kwamba, na aliyenisimulia hakuwa mtu wa kutia chumvi, katika mji mmoja wa kale wa mwambao aliishi mjane mcha Mungu, mfinyanzi, Bi Zuhra binti Makame. Alirithi kiwanja kitupu, na watu walikikata katikati kwenda kisima cha msikiti. Hakikuwa na ua wala mlango. Lakini watu wa zamani walikuwa na adabu, si kama sisi: kila apitaye alisimama ukingoni akaita, "Hodi!" Naye Bi Zuhra hujibu, "Karibu."

Mwaka mmoja masika yakalibomoa tanuri lake la kuchomea vyungu. Akaazimia kujenga jipya pale kiwanjani na kukizungushia ua, maana bila tanuri hana riziki. Lo! Mtaa ukachachamaa. Mzee Faki, mchota maji wa msikiti, akapaza sauti, "Njia hii ni yetu tangu enzi za babu zetu!" Wakaenda kwa kadhi.

Kadhi akawauliza wanamtaa, "Mkifika ukingoni husema nini?"

"Husema hodi."

"Subhanallah! Nani apigaye hodi kwake mwenyewe? Kiwanja ni cha bibi huyu, na njia ni hisani yake. Akipenda, aifunge."

Bi Zuhra alikuwa ameshinda, lakini furaha hakuiona. Alimkumbuka jirani yake, marehemu Bi Mkasi, aliyesimama siku moja ukingoni na mtungi kichwani akamuuliza, "Mwanangu, tutapita hapa hata lini?" Naye akamjibu, "Piteni daima, bibi." Walikuwa wawili tu, na Mola wao. Je, ile ilikuwa ahadi, au maneno ya ujirani tu? Kama ni ahadi, atakula nini? Kama si ahadi, mbona moyo unamwenda mbio? Akaelekea mlangoni, akarudi, akaelekea tena. Watu wakadhani anaumwa.

"Una nini, bibi?" kadhi akauliza.

"Sijui, Sheikh. Wallahi nimetatizika. Umehukumu kwa haki, lakini kuna neno hukulisikia." Akamweleza lote, kisha akasema, "Niambie wewe, ile ni ahadi?"

Kadhi akamjibu, "Mimi sikuwepo. Uliponena, ulinuia nini?"

Machozi yakamtoka. "Nilinuia daima."

"Basi kiwanja ni chako, na neno ni lako pia. Umekwisha kujihukumu."

Akarudi kwake bila ua wala tanuri, hajui kama amefanya wema au ujinga.

Asubuhi yake akasikia, "Hodi!"

"Karibu," akajibu kwa unyonge. Lakini hakusikia mtu kupita. Alipotoka akawakuta Mzee Faki na wanamtaa wamesimama ukingoni, kila mmoja na jiwe begani.

"Mwanangu," Mzee Faki akasema, macho chini, "jana umetutia haya. Haki ya kupita umetupa, haki ya kukulaza njaa hatuna. Kiwanja ni chako. Tuonyeshe, tanuri likae wapi, nasi tupite wapi?"

Ndugu zangu mnaogombania mawe ya mipaka, sikilizeni. Mpaka wa shamba hupimwa kwa kamba mbele ya mashahidi. Mpaka wa neno anaujua aliyelitoa na Mola wake tu. Na mpaka huo ukimtatiza, asiogope kusema, "Sijui," kwani Bi Zuhra aliokoka kwa neno hilo.