Dari ya Atuganile

"Dari hupimwa kwa baridi ya kwako." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo bwana harusi, mkaguna: harusi na dari wapi na wapi? Basi sikilizeni usemi huu ulikoanzia.

Huko juu karibu na Kitulo, ambako Julai umande huganda majanini ukawa mweupe kama chumvi, aliishi mjane aliyeitwa Atuganile. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Tusekile. Mtoto akaanza kubanwa na kifua. Subilaga, mama wa mtoto, akapanda kutoka Tukuyu kuja kumchukua.

"Nyumba yako haina joto, mama. Ikipata joto, nitamrudisha."

Tangu hapo Atuganile alisonga ugali wa mtu mmoja, na bado ukabaki. Jioni alijikuta akizungumza na kuku.

Kaka yake, mkazi wa Kyela kwenye joto kali, alikuwa ametandaza sufu ya kuzuia joto juu ya dari, na nyumba yake ikawa na ubaridi hata jua likiwaka. Atuganile akanunua ileile, yenye namba ileile kwenye furushi. Kwa kaka imefaa, kwake itashindwaje? Akamwita Subilaga. Akaja na mtoto, wakalala. Asubuhi Tusekile alipofungua kinywa kumwamkia bibi, mvuke ulimtoka, kisha kikohozi. Subilaga hakugomba. Alimvika mtoto koti, akamshika mkono, wakashuka. Atuganile alisimama mlangoni mpaka barabara ikabaki tupu.

Alikwenda dukani Mbeya na kipande cha ile sufu.

"Mmeniuzia kitu kibovu," alimwambia muuzaji, mwanamke wa makamo.

"Si kibovu, dada. Unaishi wapi?"

"Kitulo."

"Na hii nani alikuchagulia?"

"Nilimwiga kaka yangu. Yuko Kyela."

Muuzaji akashusha pumzi. "Namba hii ni nguvu ya kuzuia joto lisipite. Ikiwa kubwa, joto hupita kwa shida zaidi. Kaka yako anazuia jua lisiingie, hii ndogo inamtosha. Wewe unazuia joto la jiko lisikutoroke. Kwa baridi ya kwenu unahitaji namba kubwa, tena uzibe na nyufa za chini ya paa."

Atuganile alikikunja kile kipande. "Siku niliponunua, hakuna aliyeniuliza naishi wapi," akasema. "Hata mimi sikujiuliza."

Alitandaza sufu nene ya namba kubwa, akaziba nyufa, nyumba ikashika joto. Akampigia simu Subilaga.

"Mama, ameshaanza shule huku," Subilaga alijibu kwa upole. "Na ana rafiki zake. Atakuja likizo."

Basi akakaa na joto lake, peke yake, na masika yakapita.

Likizo ilipofika, Tusekile aliingia, akaketi, na punde akavua sweta akalitupa kitini. Bibi akaliokota, akalikunja taratibu, amempa mgongo.

Watu wa Makete na Tukuyu walipomjia kuuliza alinunua namba gani, hakuwatajia. Aliwauliza kwanza kwao kukoje asubuhi, kisha akawaambia: "Nendeni mkaseme hivyo dukani. Dari hupimwa kwa baridi ya kwako."